Nyangumi wako karibu kuliko Hermanus

Mwandishi aliyetushauri sisi wa Bujumbura kwamba anayetaka kuona nyangumi afunge safari hadi Hermanus, Afrika Kusini, la sivyo atosheke na viboko wa Rusizi, ameruka pwani nzima ya Waswahili. Viboko tunao, ahsante. Jioni hupanda wenyewe kula nyasi kando ya Ziwa Tanganyika. Lakini kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hutoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya joto ya Kenya na Tanzania. Ndege hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, gari hadi Watamu, kisha mashua baharini, na njiani kote unaelewana na watu kwa Kiswahili.

Nakubali, Hermanus utawaona ukiwa nchi kavu, juu ya majabali. Anayetapika baharini na aende huko. Watamu mawimbi ya kusi yatakurusha, na siku nyingine utaambulia chumvi usoni tu. Ila kabla ya kulipa, muulize nahodha: akimwona mama na ndama wake hupunguza mashine, au huwakimbiza? Akijisifu kuwakimbiza, tafuta mashua nyingine.