Hoteli ikiomba kumpiga picha mwanao, uliza haya kwanza

Katika pwani ya kusini mashariki ya Unguja si ajabu mtu kupiga hodi na kuomba mtoto wa nyumba apigwe picha za tangazo. Hoteli inajiandaa kwa msimu wa wageni, kampuni inataka kipeperushi cha sabuni ya mwani, shirika linahitaji picha za ripoti yake ya mwaka. Mzazi wa Jambiani au Paje anaambiwa ni picha tu, dakika kumi zimekwisha, na mtoto hatakosa chochote. Wengi hukubali kwa sababu hawaoni ubaya wake, na mara nyingi ubaya kweli haupo.

Hata hivyo, picha ya kampuni haimaliziki kwa dakika kumi. Ni kazi ya hatua tatu: kupanga, kupiga na kuediti. Katika kila hatua kuna mtu anayefanya uamuzi unaomgusa mtoto wako: usalama wake, afya yake, na namna atakavyojiona akijitazama kwenye kioo. Mzazi anayezijua hatua hizo hukubali akijua anachokikubali, au hukataa bila kugombana na mtu.

Hatua ya kwanza: Kupanga

Mpiga picha mzoefu hafiki ufukweni na kamera kisha akaanza kutafuta cha kupiga. Kabla ya siku hiyo mteja wake amekwisha kumweleza anachotaka: picha ngapi, zitatumika wapi, kwa muda gani, nani aonekane. Kutokana na maelezo hayo huandikwa orodha ya picha. Orodha ya hoteli huweza kuwa na ngalawa alfajiri, bibi anayesuka ukili, mama shambani kwake mwani na watoto wanaokimbia mchangani. Kwa hiyo mwanao huenda tayari yumo kwenye orodha hiyo hata kabla hujaulizwa.

Jambiani kuna vitu viwili vinavyoipanga ratiba ya mpiga picha: jua na maji. Jua huchomoza kutoka baharini, kwa hiyo mwanga laini wa ufukweni ni ule wa mapema, tangu linapotoka hadi saa 2 hivi asubuhi. Jioni jua huteremka upande wa kijijini, nyuma ya minazi, na ufukwe huanza kuingia kivuli mapema. Maji nayo yana kalenda yake. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali sana, mashamba ya mwani yakabaki wazi na wakulima wakaingia kazini. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Anayetaka picha zao wakiwa kazini lazima afuate maji yao.

Hapa ndipo mzazi anapoanza kuguswa. Mwanga mzuri wa asubuhi ndio wakati mtoto anatakiwa awe skuli, na ule wa alasiri ndio wakati wake wa kwenda chuoni. Mpiga picha akisema kazi ni Jumanne asubuhi, jibu lako linaweza kuwa rahisi: isubiri Jumamosi au likizo. Ratiba ya tangazo inaweza kusogezwa, lakini somo lililompita mtoto hulifidia mwenyewe.

Uliza pia kama sheha ana taarifa. Iwe ni Kikadini au Kibigija, watu wanaofanya kazi ya kampuni kijijini huanza kwa kujitambulisha kwake. Anayetaka kumpitisha mtoto wako kichochoroni bila sheha kujua amekwisha kukupa sababu ya kusema hapana.

Kisha omba karatasi. Ridhaa ya mdomo haimlindi mtu. Karatasi hiyo iwe kwa Kiswahili, na ikiwa imeletwa kwa Kiingereza, ichukue nyumbani uisomewe na mtu unayemwamini kabla ya kutia saini. Ijibu maswali haya:

Kwanza, nani hasa ameagiza picha, na ofisi yake iko wapi?

Pili, zitatumika wapi? Ukuta wa hoteli ni kitu kimoja, bango la uwanja wa ndege ni kingine, na mtandao ni kingine kabisa.

Tatu, zitatumika kwa miaka mingapi, na je, kampuni inaruhusiwa kuzipa au kuziuzia kampuni nyingine?

Nne, jina la mtoto, skuli yake na mahali anapoishi vitatajwa? Jibu unalolitaka ni hapana. Sare yenye nembo ya skuli nayo ibaki nyumbani, kwa sababu inamweleza mgeni asiyejulikana mahali pa kumkuta mtoto.

Tano, malipo ni kiasi gani na analipwa nani? Mwanamitindo wa tangazo hulipwa. Mtoto wa kijijini akifanya kazi ileile, pipi na soda si malipo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, zile zinazohitaji uangalifu zaidi. Kampuni makini inalijua hilo na haitachukizwa na maswali yako.

Baada ya wewe kuridhika, muulize mtoto. Mtoto wa miaka saba anaweza kusema anataka au hataki, na "sitaki" yake iheshimiwe hata kama pesa imekwisha kutajwa.

Hatua ya pili: Kupiga

Siku ya kazi mzazi awepo, au mtu mzima ambaye mzazi amemchagua mwenyewe. Mtoto asipelekwe chumbani, asibadilishwe nguo na mtu asiyemjua, na asivalishwe nguo ambayo nyumbani kwenu asingetoka nayo. Ni vizuri zaidi nguo zikakubaliwa siku moja kabla.

Jua la Jambiani si la kuchezea. Mchanga mweupe hurudisha mwanga juu, kwa hiyo mtoto huungua kutoka juu na kutoka chini. Kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri hakuna sababu ya kumsimamisha ufukweni, na mpiga picha mwenyewe hatapenda saa hizo, kwani jua likiwa utosini huacha vivuli vyeusi chini ya macho. Mtoto apewe maji kila mara, apumzike kivulini, na avae viatu akiingia kwenye maji ya kupwa kwa sababu ya mawe na viumbe wenye miiba. Akianza kulalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, kazi isimame. Mpelekeni kivulini, mpozeni mwili kwa maji na kitambaa, anywe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa au akizimia, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kuna jambo jingine la hatua hii ambalo wazazi wachache hulijua, nalo linahusu rangi ya ngozi. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kina mng'aro wa wastani. Mtoto mweusi akisimama mbele ya mchanga mweupe na bahari inayometameta, kamera huuona mwanga mwingi na kupunguza. Mchanga hutoka vizuri, uso wa mtoto ukaingia giza. Watu wakitazama picha husema, "Ametoka mweusi sana." Kosa si la ngozi. Ni kipimo kilichofuata mchanga badala ya uso.

Tatizo hilo lina historia. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita maabara za kusafishia picha za rangi zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi za Kodak ziliitwa "Shirley". Uso wake ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na watu wa rangi nyingine walitoka kama walivyotoka. Kadi zenye wanawake wa rangi tofauti zilikuja kutolewa katika miaka ya 1990.

Fundi anayeijua kazi yake hana shida na ngozi nyeusi. Hupima mwanga kwa uso wa mtoto, humsimamisha kwenye kivuli cha ukuta au mnazi, au humshikishia msaidizi ubao mweupe ili mwanga urudi usoni. Ukimwona anafanya hivyo, ujue umepata mtu. Akikwambia "tutaing'arisha baadaye kwenye kompyuta", mwulize ana maana gani.

Hatua ya tatu: Kuediti

Kurekebisha picha hakukuanza na kompyuta. Mafundi wa studio za zamani walifuta mikunjo na chunusi kwa penseli yenye ncha kali juu ya negativu. Mji Mkongwe unajua mambo ya studio tangu zamani. Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza imekuwepo tangu mwaka 1930, na wazee wengi wa mjini wana picha waliyopigwa studio wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Kinachotofautisha zama hizi ni wepesi. Kazi iliyochukua saa nzima sasa inafanywa kwa kidole kwenye simu, na inafika mbali zaidi.

Kuediti kuna viwango vitatu, na mzazi anaweza kusema mapema kiwango anachokikubali.

Cha kwanza ni kuweka sawa mwanga na rangi ili picha ifanane na alivyoonekana mtu kwa macho. Hicho hakina ubaya.

Cha pili ni kuondoa vitu vya kupita: punje ya mchanga shavuni, uzi kwenye nguo, kipele kitakachopona wiki ijayo. Wengi hawana neno na hicho.

Cha tatu ni kumbadilisha mtu: kumpunguza pua, kumbana kiuno, kufuta kovu alilonalo tangu utotoni, kunyoosha meno, kumfanya mweupe kuliko alivyo. Hapo picha si yake tena, ingawa jina lake ndilo lililo kwenye karatasi ya ridhaa.

Hebu mfikirie msichana wa miaka 12 anayejiona kwenye bango akiwa mweupe kuliko alivyoamka asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba rangi yake ina kasoro, lakini bango limekwisha kumwambia. Wenzake watalisifu. Naye atatafuta njia ya kufanana na picha yake mwenyewe, na njia iliyo karibu ni kopo la krimu la dukani au la shoga yake.

Hilo ni suala la afya kabisa. Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kuhusu zebaki katika krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Zebaki huharibu figo na mfumo wa fahamu, huleta vipele na mabaka, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haimdhuru anayejipaka peke yake, kwani huweza kuhamia kwa wengine nyumbani kupitia taulo, mashuka na mikono. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unalenga kuziondoa bidhaa hizo sokoni, na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Bado vinapenya. Krimu isiyo na orodha ya viambato, au isiyo na jina la kiwanda, isiingie nyumbani kwako, na ukiiona dukani toa taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA).

Nchi nyingine zimeanza kuyagusa matangazo yenyewe. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwanamitindo iandikwe kwamba imerekebishwa. Norwei tangu Julai 2022 inadai alama kwenye tangazo ambalo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imebadilishwa. Wewe huna haja ya kusubiri sheria kama hiyo. Ongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya ridhaa kabla hujatia saini: "Rangi ya ngozi, umbo na alama za mwili wa mtoto zisibadilishwe, na mzazi aione picha kabla haijatolewa." Mpiga picha mwaminifu atasaini bila tabu.

Na wewe mwenyewe

Mstari huo hautakuwa na nguvu ikiwa nyumbani unafanya kinyume. Kabla ya kulaumu hoteli, itazame simu yako. Ukiwapiga picha watoto siku ya Idi, je, huweka filta ya kung'arisha kabla ya kuituma kwenye kundi la familia? Ukiona picha umesema "hii futa, umetoka mweusi", mtoto amesikia. Badala yake msogeze kivulini, mgeuze uso kuelekea kwenye mwanga, gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, kisha piga tena. Picha itakuwa nzuri na mtoto atakuwa yuleyule.

Picha za kampuni zikifika, kaa naye mzitazame pamoja. Kama mpiga picha alikuonyesha na ile ya mwanzo, ziweke sambamba na umwache mtoto atafute kilichobadilika. Watoto hupenda mchezo huo, na wanaona haraka kuliko watu wazima. Siku akikutana na bango la mtu asiyemjua, atakuwa na swali la kuliuliza kabla ya kujilinganisha nalo.