Hukumu isomwe, mtoto asianikwe

Kwa Mhariri,

Mpwa wangu alikwenda kortini kudai matunzo ya mtoto wake, akashinda. Leo ukiandika jina lake kwenye simu, kinachojitokeza kwanza ni uamuzi wa kesi ile katika tovuti moja ya hukumu: jina lake kamili, mtaa anaokaa, shule ya mwanawe, hata ugonjwa aliolazimika kuutaja alipohojiwa na wakili wa upande wa pili. Watoto darasani wameshausoma. Tuliandika barua tukiomba majina yaondolewe. Hatujajibiwa.

Sipingi hukumu kuchapishwa. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinataka kesi isikizwe hadharani, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hakimu anayejua kwamba sababu zake zitasomwa na yeyote huziandika kwa uangalifu, na wakili wa mji mdogo asiye na maktaba anapata maamuzi ya Mahakama ya Juu bila malipo. Hayo tusiyapoteze kamwe. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinakataza habari za familia na za faragha za mtu kufichuliwa pasipo lazima. Shule ya mtoto inamfaa nini anayetaka kujua kama haki ilitendeka?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyeanikwa ni mnyonge. Ukoo wetu una kesi ya shamba pia, na kila tukienda masjala kuomba faili tunaambiwa halionekani, turudi wiki ijayo. Uwazi ulihitajika huko, kwenye ardhi na mali ya umma, ambako majina ya wakurugenzi na maafisa ndiyo hasa tunayopaswa kuyaona.

Dawa ipo. Hapa kwetu kesi nyingi za watoto huchapishwa kwa herufi za mwanzo za majina, na hoja za jaji zinabaki kamili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilianza Julai 2018 kuficha majina ya watu binafsi katika masuala inayoletewa na mahakama za nchi wanachama. Huko Kanada, tovuti ya hukumu ya CanLII huizuia Google kuorodhesha hukumu zake: anayetafuta kesi huingia humo akaisoma, ila mwajiri anayepekua jina la mtu hakutani na talaka yake.

Tangu Machi 2024 kesi zinawasilishwa kwa mtandao nchini kote. Hati za kiapo, taarifa za benki na vyeti vya kuzaliwa vimo humo, kwa hiyo jambo hili halingoji.

Namwomba Jaji Mkuu atoe mwongozo mmoja kwa korti zote: majina ya wahusika wa kesi za familia yafupishwe hukumu inapoandikwa, si baada ya mtu kulalamika, na anayeomba kurekebishiwa ajibiwe kwa maandishi, katika muda unaojulikana. Barua yetu nayo ijibiwe.

Jina limehifadhiwa,
Mombasa