Mtoto Mwenye Ngozi ya Kipepeo

Mtoto akizaliwa na malengelenge, na ngozi yake ikiambuka kwa kushikwa tu, maneno hayakawii kuzuka: mama amevunja mwiko, au jirani amemroga. Hapo mama hubebeshwa kosa lisilo lake.

Ugonjwa huu waganga wa hospitali huuita epidamolisisi bulosa. Ngozi yetu ina tabaka la juu na la chini, nayo hushikamana kwa nyuzi nyembamba mno, kama mshono ushikavyo nguo na bitana yake. Mtoto huyu amezaliwa na uzi dhaifu, au hana kabisa. Haambukizi mtu. Katika aina nyingi zilizo kali, baba na mama wote wawili wamebeba kasoro ile katika urithi wao wasijue, maana wenyewe ni wazima. Na katika kila mimba, mtoto ana bahati moja katika nne ya kuugua. Basi mume anayetaka kumfukuza mkewe kwa ajili hiyo, na ajitazame kwanza.

Je, uzi uliokosekana waweza kurudishwa? Mwaka 2015 mtoto wa miaka 7, mkimbizi wa Siria, alilazwa Bochum, Ujerumani, sehemu kubwa ya ngozi imemtoka. Michele De Luca na wenzake wa Modena, Italia, walitwaa kipande kidogo cha ngozi iliyosalia, wakatia katika chembe zake jeni nzima, wakaotesha ngozi mpya kama miche kitaluni. Waganga wa Bochum wakamvika, hata ikafunika kama sehemu 80 katika 100 za mwili wake. Habari ilitangazwa mwaka 2017: ngozi imeshika, na mtoto anacheza mpira!

Tiba hiyo ni ya hospitali chache mno duniani. Nyumbani kazi ni ya mikono ya mama. Usimwinue mtoto kwa makwapa. Mlaze juu ya kitambaa laini, umwinue nacho. Lengelenge litobolewe kwa sindano iliyochemshwa, maji yatoke, ngozi yake iachwe ifunike kidonda. Kitambaa kilichoganda kisibanduliwe kikavu, kilowekwe kwanza kwa maji safi ya vuguvugu. Na nguo zake avikwe ndani nje, mishono isimkwaruze.