Kipimo Bila Maelezo Hakimfai Mwananchi

Litajwapo neno mionzi, wengi wetu hukumbuka Hiroshima ya mwaka 1945 au Chernobyl ya mwaka 1986. Ni wachache wanaofahamu kwamba udongo wa Kitengela na Kajiado, sawa na udongo wa kwingineko duniani, hutoa mionzi tangu kale na kale. Chanzo chake ni urani, thoriamu na potasiamu zilizomo miambani. Kiswahili kina neno la sifa hiyo: unururifu.

Kuupima si muujiza. Udongo hukaushwa, huchekechwa, kisha hufungiwa katika chombo kisichopitisha hewa kwa takriban mwezi mmoja ili gesi ya radoni isitoroke. Baadaye mtambo huhesabu miale inayotoka. Jibu hutolewa kwa bekereli, na bekereli 1 ni atomu 1 inayovunjika kila sekunde. Kamati ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2000 kuwa wastani wa dunia, kwa kila kilo ya udongo, ni bekereli 35 hivi za urani, 30 za thoriamu na 400 za potasiamu.

Hapa ndipo penye utata. Mkazi akiambiwa kwa Kiingereza kwamba shamba lake lina 400, ahame au acheke? Asiyejua wastani ataogopa pasipo sababu. Na wa Kilima cha Mrima kule Kwale, penye thoriamu nyingi, huenda akapuuza palipo na sababu.

Fauka ya hayo, Kitengela ni mji unaojengwa. Wajenzi huondoa udongo mweusi unaovimba na kupasuka, wakajaza mawe na kokoto kutoka machimboni. Basi familia hailali juu ya udongo uliopimwa malishoni. Kipimo hakina budi kulifuata lori hadi kwenye msingi wa nyumba.

Sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti masuala ya nyuklia nchini. Wapimaji nao wako vyuoni. Kilichosalia ni kuyatoa matokeo makabatini na kuyaeleza kwa Kiswahili na Kimaasai, yakilinganishwa na wastani huo. Mwalimu wa fizikia na mwenzake wa Kiswahili waketi pamoja katika kazi hii. Mwananchi asiyeelezwa hubakia na uvumi, na uvumi hauna kipimo.