Chujio la CERN: Je, Tunatupa Majibu?

Watu wakizungumzia mtambo wa LHC kule CERN, karibu na Geneva, wengi husifu ukubwa wake: mviringo wa kilomita 27 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mimi kama mwandishi wa programu, kinachonikosesha usingizi si mviringo huo. Ni uamuzi wa kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe.

Hebu tupige hesabu. Vifurushi vya protoni hupishana mara milioni 40 hivi kwa sekunde. Tuseme kila mara hutoa data ya megabaiti moja tu. Hizo ni terabaiti 40 kila sekunde! Hakuna diski wala bajeti ya kuhifadhi zote. Kwa hivyo vitambuzi vya ATLAS na CMS vina chujio la hatua mbili. Kwanza, vifaa vya kielektroniki huamua haraka mno na kubakisha matukio 100,000 hivi kwa sekunde. Kisha programu, kwenye maelfu ya kompyuta, hubakisha elfu moja au elfu chache. Mengine yote hupotea milele.

Sibezi kazi hiyo. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, hutokea takriban mara moja katika migongano bilioni moja. Bila chujio isingeonekana. Lakini tukumbuke kwamba chembe hiyo ilibashiriwa mwaka 1964. Wanafizikia walijua huvunjika vipi, wakajua la kuiambia kompyuta itafute.

Je, kile ambacho hakuna aliyekibashiri? Maada ya kawaida, yaani sisi, nyota na kila tunachokiona, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Asilimia 27 hivi ni maada ya giza, na hadi leo hakuna anayejua imeundwa na nini. Huenda kidokezo chake hutokea ndani ya LHC kama chembe hafifu, au chembe inayosafiri sentimita kadhaa kabla ya kuvunjika. Chujio lililowekwa kutafuta nishati kubwa pale katikati linaweza kuitupa kila siku bila mtu kujua. Chujio la chai halijui chai, linajua ukubwa wa matundu yake tu.

Wapo watakaosema kwamba wanafizikia huhifadhi pia sampuli ndogo ya nasibu. Ni kweli. Lakini tukio likiwa adimu kama Higgs, sampuli ndogo haisaidii kitu.

Maoni yangu ni haya: uamuzi wa kutupa utolewe kwenye vifaa na kuwekwa kwenye programu kadiri inavyowezekana, kwa sababu programu huandikwa upya mtu akipata wazo jipya. LHCb wameonyesha kwamba yawezekana. Katika awamu iliyoanza mwaka 2022 waliondoa kabisa ile hatua ya vifaa, wakaacha programu kwenye kadi za grafiki zisome kila kitu. CMS nao, tangu 2011, wana mbinu ya kuhifadhi muhtasari mfupi wa matukio mengi badala ya data kamili ya matukio machache. Hilo ni jambo ambalo programa yeyote aliyewahi kubanwa na nafasi ya diski atalielewa.

Sasa kumependekezwa mtambo mwingine, FCC, wa kilomita 91 hivi. Sipingi. Ila kuongeza migongano bila kuboresha chujio ni kuongeza kasi ya kutupa. Wanaogawa pesa wasizimalize zote kwenye sumaku na mashimo. Waandishi wa programu nao wapewe fungu la maana.

Wewe ungeandika vipi sharti la kukamata kitu usichokijua?