Mwizi wa Kadi Huvizia Mghafala Wetu

Mtu akivunjiwa nyumba usiku, majirani hutoka wakampa pole. Lakini akiibiwa akiba yake kwa njia ya kadi ya benki, watu hao hao humwuliza: "Kwani ulikuwa unatazama wapi?" Kwa dhahiri yake hili ni swali, kwa hakika yake ni hukumu. Mwenye kuibiwa ameshatiwa hatiani kabla hajamaliza kueleza, na mwizi amesahauliwa kabisa katika mazungumzo. Nami naiona hukumu hiyo kuwa ni dhulma, tena ni dhulma yenye kumsaidia mwizi, kwa kuwa imejengwa juu ya kutofahamu namna wizi huu unavyofanyika.

Wengi hudhani kuwa fedha za benki huibwa na mabingwa wa kompyuta wanaofumbua siri nzito za hesabu. Mwaka 1993 mtaalamu wa Uingereza, Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha uchunguzi wake juu ya fedha zilizopotea katika mashine za kutolea fedha. Alikuta kwamba hasara nyingi hazikutokana na kuvunjwa kwa siri za mitambo, bali na makosa ya kawaida ya wanadamu: barua zenye kadi na namba za siri kuangukia mikononi mwa wengine, watumishi wasio waaminifu, na utaratibu uliolegea ndani ya benki zenyewe. Yaani mlango ulikuwa imara, ila funguo zilikuwa zikitembea ovyo.

Na mwanadamu ni kiumbe mwenye kughafilika. Hili si tusi, ndivyo alivyo. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo hutajwa sana. Waliwaonyesha watu filamu fupi ya vijana wanaorushiana mpira, wakawataka wahesabu ni mara ngapi mpira unapita baina ya waliovaa nguo nyeupe. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Takriban nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi na akili zao zilikuwa timamu. Kilichotokea ni kwamba walikuwa wameshughulishwa na jambo jingine. Mwizi wa kadi hahitaji kusoma jaribio hilo, kwani ndiyo elimu anayoiishi. Kazi yake ni kukupa mpira wa kuhesabu.

Tazama anavyofanya. Hutia kitanzi chembamba ndani ya tundu la mashine, kadi ikiingia haitoki. Mwenye kadi anashangaa, anabonyeza huku na huku, nyuma yake kuna foleni, mwadhini wa Magharibi amekwisha anza, na mtoto analia mgongoni. Hapo ndipo anapotokea "msamaria", kijana nadhifu mwenye adabu, anayesema: "Mama, hata mimi jana ilinitokea, andika tena namba yako ya siri, itaitapika." Mama anaandika, kijana anatazama vidole. Kadi haitoki, mama anakwenda zake akinuia kurudi kesho benki ikifunguliwa, na kijana anachomoa kitanzi pamoja na kadi. Njia nyingine ni kuangusha noti chini na kukuuliza kama ni yako. Ukiinama kutazama, mwenziwe ameshafanya lake. Na wako wanaoichukua kadi yako kwa ajili ya malipo, wakaondoka nayo hadi chumba cha nyuma, nawe umebaki mezani ukizungumza. Dakika moja yatosha kunakili utepe wa sumaku ulio mgongoni mwa kadi.

Ni kweli kwamba kadi zenye chipu zimeifanya kazi ya kunakili kuwa ngumu. Uingereza ilikamilisha kuwataka wateja watumie namba ya siri badala ya sahihi mwezi Februari 2006. Lakini kila chombo kinapoimarishwa, mwizi hukiacha chombo akamwendea mtu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hili vyema kupitia simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mfuko wa fedha umehamia kiganjani, na wezi wakahamia huko huko. Nani kati yetu hajapata ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii"? Hauna jina wala salamu. Hutumwa kwa maelfu, na kati ya maelfu hao hakosekani aliyekuwa ameahidi kumtumia mtu kodi ya nyumba au ada ya shule dakika ile ile. Huyo hakudanganywa kwa ujinga wake. Ujumbe ulimkuta njiani, naye akamalizia safari ambayo alikuwa ameshaianza.

Hapana budi niseme pia juu ya mazoea yetu wenyewe, kwani kumtetea aliyeibiwa si kuyapamba mazoea mabaya. Mwaka 2012 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba watu wengi huchagua namba ya siri kutokana na tarehe za kuzaliwa, na tarehe hiyo hukaa katika kitambulisho kilichomo ndani ya pochi moja na kadi. Walikadiria kwamba mwizi hodari angefanikiwa kuitumia kadi katika pochi moja kati ya kila 11 hadi 18 alizoiba, kutegemea kama benki inazikataa namba dhaifu au inaziruhusu. Kwetu kuna zaidi ya hayo. Mzee wa pensheni humkabidhi mjukuu kadi na namba ya siri, mjukuu akiwa na shughuli humpa rafiki. Mgeni wa simu humwachia wakala simu nzima na kumtajia namba kwa sauti, mbele ya watu wanne waliosimama dirishani. Na limeenea balaa la wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi ya mwalimu au mstaafu pamoja na namba yake ya siri kama rehani, wakatoa mshahara wake kabla hajauona. Juu ya riba iliyomo humo sina haja ya kusema. Wasomaji wanaijua hukumu yake.

Lakini baina ya kurekebisha mazoea na kumtwisha aliyeibiwa lawama yote pana tofauti kubwa. Mashine za awali za kutolea fedha zilitoa fedha kwanza, kadi baadaye. Watu wengi wakaziacha kadi zao ndani. Sababu yake iko wazi: mtu alikuja kutafuta fedha, akishazishika, akili yake imeshatoka mlangoni. Wateja hawakugeuzwa kuwa malaika wasiosahau, uligeuzwa mpangilio. Leo mashine nyingi hukurudishia kadi kwanza, na usipoichukua hupati fedha. Kusahau kule, ambako kila mtu angekuita uzembe, kulipungua kwa kupanga upya hatua mbili tu. Basi kila mara tusikiapo benki ikisema "mteja alikuwa mzembe", tuwe na haki ya kuuliza: nanyi mmepanga nini?

Wenzetu wengine wamekwisha liweka hili katika sheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1978, mteja aliyepotelewa na kadi ya kutolea fedha akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue, hasara yake haizidi dola 50. Akichelewa, yaweza kufika dola 500, na akinyamaza zaidi ya siku 60 baada ya kupelekewa taarifa ya hesabu yake, yaweza kuzidi hapo. Tena maelezo ya kanuni zake yanasema kwamba hata kama mteja aliandika namba ya siri juu ya kadi yenyewe, kosa hilo haliongezi mzigo wake. Mwaka 1980 mahakama moja ya New York iliamua kesi ya mwanamke aliyesema fedha zilitolewa katika akaunti yake naye yuko kazini, na benki ikileta karatasi za kompyuta kuwa ushahidi. Mahakama iliuamini ushuhuda wa mwanamke.

Yuko atakayepinga: mkiwaondolea watu lawama, wataongeza uzembe. Tutazame tena sheria hiyo ya Marekani. Haikumwachilia mteja, imempa sababu ya kufanya haraka. Aibu hufanya kinyume chake. Mtu anayeogopa kuitwa mjinga hukaa kimya siku tatu, akijaribu kwanza kumficha mumewe, na siku tatu ni muda mwingi kwa mwenye kadi ya watu mkononi. Kila saa ya kimya anayoinunua kwa kuogopa ndimi zetu, mwizi anaitumia.

Kwa hiyo nazielekeza kauli zangu kwa kamati za misikiti na walimu wa madrasa, kwani sisi ndio tunaowaona wazee na akina mama kila wiki. Baada ya darsa moja, wafundishwe mambo machache kwa vitendo: kuziba vidole kwa mkono wa pili wakati wa kuandika namba, kutopokea msaada wa mtu yeyote mbele ya mashine, hata awe na kanzu nyeupe, kadi ikikwama, kupiga simu benki papo hapo wakiwa wamesimama pale pale. Namba ya simu ya benki iandikwe kwenye karatasi iliyo mbali na kadi, kwa sababu nyuma ya kadi haisomeki tena kadi ikishamezwa. Kwa Tanzania, ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040 ya mamlaka ya mawasiliano. Na atakapokuja mtu msikitini akisema ameibiwa, aulizwe swali moja kwanza: je, benki imeshaifunga kadi?