Daftari Nililompokonya Mwanafunzi

Nakiri kwamba nilipokuwa mwalimu wa zamu niliwahi kumpokonya mwanafunzi daftari lililojaa mistari ya muziki wa kufoka, nikidhani namwokoa na upotovu. Sijui liliishia wapi.

Tangu hapo nimemfahamu Shad, yaani Shadrach Kabango, aliyezaliwa humu humu Kenya mwaka 1982 na wazazi Wanyarwanda, akalelewa mjini London, jimbo la Ontario, Kanada. Alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 2005, aliigharimia kwa fedha alizoshinda katika shindano la redio, na ndani yake mnasikika ushairi wa mama yake mzazi kuhusu mauaji ya halaiki ya Rwanda ya mwaka 1994. Je, ni kipindi gani cha historia kingemgusa kijana zaidi ya hapo? Baadaye alipata shahada ya uzamili, na mwaka 2011 akatwaa tuzo ya Juno, akimpiku Drake mwenyewe.

Wanaoshikilia kwamba kufoka na masomo havipikiki chungu kimoja watueleze huyu alivipikaje. Nami, ikiwa mwenye daftari lile anayasoma haya, namwomba radhi.